Hina ya Dakika Ishirini na Sita

Kosa lile lilitokea mlangoni, mchana kweupe, nyumbani kwao Chumbageni, Tanga. Lilikuwa kosa dogo. Watu wengine wangelicheka, likapita.

Mwanaisha alikuwa anatoka uani na beseni la nguo zilizokauka, jua limempiga machoni. Alipomwona mwanamke amesimama kizingitini, mabega yameinama, mtandio umerudi nyuma na nywele za pembeni zimeingia mvi, alisema upesi, kama alivyofunzwa tangu utotoni kumwamkia kila aliyemzidi umri:

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Tunu.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mwanaisha alishusha beseni polepole, akakinga jua kwa kiganja, akaangalia vizuri. Aliyemwamkia ni mdogo wake. Ni huyuhuyu Tunu ambaye yeye Mwanaisha alimfundisha kufunga kamba za viatu, akamfuta kamasi siku ya kwanza ya shule.

"Nilidhani ni yule mama wa nyumba ya pili," alisema Mwanaisha, akicheka kicheko kisichofika mbali. "Na wewe unaitikia! Mtu na adabu zake angekataa."

"Nimeitikia bila kufikiri, dada."

"Umezoea kuamkiwa, eti?" Kisha kicheko kikaisha. "Tunu, unaumwa? Niambie mimi. Sitamwambia mtu."

"Siumwi. Ni kazi tu."

"Kazi gani? Dakika ishirini na sita kwenda Kanada, dakika ishirini na sita kurudi. Wali wangu hauivi kwa muda huo. Mimi ninayesimama dukani kutwa nzima, mbona sijawa hivyo?"

 Tangu utoto Tunu alikuwa mtu wa kunyamaza. Hata sokoni alipopunjwa alirudi nyumbani kimya. Lakini kimya cha siku hizi hakikuwa cha tabia. Shirika la ndege la Upeo lilimwapisha, mkono juu ya msahafu, kwamba yanayotokea ndani ya mkunjo, safari yao hiyo ya dakika ishirini na sita, hayatatoka mdomoni mwake, hata kwa mama yake mzazi.

Mwanaisha akammiminia chai ya mdalasini. Tunu alikuwa amefika nusu ya kikombe gari la kazini lilipopiga honi.

"Nenda," alisema dada yake. "Iliyobaki naiacha kwenye chupa. Utaikuta ya moto."

Tunu alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwa Mwanaisha, mdogo wake alikuwa anatoka kidogo tu alasiri ile.

*

Abiria walikuwa arobaini, na aliyewavuta macho wote alikuwa bi harusi. Jina lake Shufaa, mwalimu wa chekechea, mwembamba, mcheshi, mwenye macho yasiyotulia. Alikuwa anakwenda Vancouver kuolewa na Idrisa, fundi wa lifti, aliyechumbiana naye kwa simu na subira. Kwa saa za kule, ndege ingefika alfajiri ya siku ileile, na ndoa ingefungwa baada ya swala ya adhuhuri.

Ubavuni mwake alikaa somo wake, Bi Mwantumu, mwanamke mnene wa sauti kubwa, kikapu chake mapajani, aliyemfunda na kumpamba na sasa anampeleka mpaka mlangoni kwa mume.

"Shikamoo, mama," Tunu alimwamkia, akiinama kumfunga mkanda.

"Marahaba. Hebu niambie, hiyo sindano yenu ya usingizi haichubui hina?"

"Haichubui, mama."

"Maana sitaki mchezo. Hii si piko ya dakika mbili. Nimemchora jana jioni, nimeilaza usiku kucha na ndimu na sukari. Onyesha, Shufaa, usione haya."

Shufaa akanyoosha mikono yote miwili. Maua yalipanda kutoka vidoleni mpaka karibu na viwiko, mekundu ya kuiva, na kucha zote kumi zilikuwa zimekolea kama mbegu za komamanga, kuanzia ncha hadi kwenye nyama.

"Zimependeza," alisema Tunu, na alimaanisha.

"Na mimi nikilala mdomo wazi mnifunge. Mkwe asije akaona mapengo kabla hajatoa mahari yote."

Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Tunu akampa sindano akiwa bado anacheka, na Bi Mwantumu akalala na tabasamu lake. Kisha Shufaa. Kisha wengine wote, safu baada ya safu, mpaka ndege nzima ikawa kimya.

Kutoka Tanga mpaka Vancouver ni karibu kilomita elfu kumi na tano, njia ikipita jirani na ncha ya kaskazini ya dunia. Zamani safari ile ilikula siku nzima na zaidi, mtu anashuka huku anapanda kule, anafika miguu imevimba. Upeo ndio walioleta mkunjo. Ndege ilipaa kama ndege nyingine, na ilipofika juu ya mawingu mitambo yake iliifunga ndani ya kifuko, mahali ambapo saa za dunia zinakaribia kusimama. Ilipotoka kwenye kifuko ilikuwa upande mwingine wa dunia, na saa ya ukutani pale Tanga ilikuwa imesogea dakika ishirini na sita. Hayo yaliandikwa kwenye kila bango.

Ambalo halikuandikwa ni kwamba kilomita hazikupungua hata moja. Kifuko kilikuwa laini. Ndege ikikimbia ndani yake, kinachanika. Basi ilikwenda taratibu, mwendo wa baiskeli inayoteremka mlima, kilomita zote elfu kumi na tano. Kwa walio ndani, safari ilikuwa siku kumi na tisa.

Abiria hawakuzijua. Dawa ilituliza miili yao, ndevu hazikuota, njaa haikuuma, na walipoamka walijiona wamesinzia kidogo. Lakini mitambo ya kujiendesha yenyewe ilichanganyikiwa ndani ya kifuko, kwa hiyo palitakiwa mikono ya watu: mmoja wa kuongoza ndege, mmoja wa kugeuza waliolala wasipate vidonda na kuwalowanisha midomo. Hao wawili walikuwa macho siku zote kumi na tisa. Wakishuka, shirika liliwaandikia kazi ya dakika ishirini na sita.

Cheti cha kuzaliwa kilisema Tunu ana miaka thelathini na moja. Mwili wake ulikuwa umevuka arobaini. Mahali fulani katikati ya safari hizo, bila kuagana, alikuwa amempita dada yake.

*

Siku ya pili, Tunu akiwa anamgeuza mzee mmoja wa safu ya mbele, alisikia chafya.

Abiria wa mkunjo hapigi chafya. Tunu alisimama na shuka mkononi, akageuka. Shufaa alikuwa ameketi wima, anajifuta pua kwa ukingo wa buibui.

"Samahani," alisema Shufaa. "Tumefika?"

Nje ya madirisha hapakuwa na kitu ila weupe mzito, kama uji uliomwagwa kwenye kioo.

"Bado," alisema Tunu.

"Mbona wenzangu wamelala? Mbona somo wangu ana shuka? Dakika hazijaisha?"

Kabla Tunu hajapata jibu, mlango wa mbele ukafunguka na Kapteni Mhina akatoka. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyepaswa kuwa na miaka hamsini na miwili na alionekana babu wa mtu wa miaka hamsini na miwili. Mkononi alishika kisanduku chekundu. Ndani yake mlikuwa na sindano ya pili, na kanuni yake Tunu aliijua kwa moyo: abiria akiamka, arudishwe.

"Mlaze," alisema Kapteni kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, nilazeni," alidakia Shufaa, bila kuelewa. "Nina harusi adhuhuri, sitaki kufika na macho mekundu. Naomba, dada." Akakunja mkono wa buibui, akautoa mkono wake uliochorwa.

Tunu alikitazama kisanduku. Dozi ya pili juu ya ya kwanza haikuwa usingizi. Wapo waliopewa wakaamka salama, wakashuka wakipiga miayo. Wapo ambao hawakuamka, na kwenye karatasi ikaandikwa kwamba moyo wao ulikuwa dhaifu. Wahudumu waliambizana hayo kwa kunong'ona, jikoni, mikono ikiendelea na kazi.

"Kapteni," alisema. "Hajui anachokiomba."

"Na hatakiwi kujua."

"Basi simpi."

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto anayekataa dawa, lakini ilitoka. Kapteni Mhina alimtazama kama vile kiti kimezungumza.

"Tunu, mama yangu, sikiliza. Chakula humu ni cha watu wawili. Mimi nimebakiza safari chache nistaafu. Wewe una jina zuri kazini. Tukifika na mtu aliyekuwa macho, tumekwisha wote."

"Nitakula nusu ya sahani yangu. Nusu nyingine yake."

"Si habari ya sahani!"

"Najua si habari ya sahani," alisema Tunu, na akasimama katikati ya njia, baina ya kisanduku na kiti cha Shufaa.  Alitamani kukaa. Hakukaa.

Shufaa alikuwa ameurudisha mkono wake kifuani. "Kuna nini?" aliuliza. "Dada, kuna nini kwenye hiyo sindano?"

Tunu akamwambia. Alimwambia yote, kifuko na kilomita na siku, akiwa amempa Kapteni mgongo, maana kama angemwona usoni asingemaliza. Alipofika kwenye siku kumi na tisa, Shufaa alicheka.

"Unanitania. Mnawatania hivi mabibi harusi wote?"

Tunu akavua mtandio. Hakuwahi kuuvua kazini. Mvi zilikuwa zimeshuka kutoka utosini mpaka masikioni.

"Unanipa miaka mingapi?"

Shufaa alisita kwa adabu. "Arobaini na... arobaini na mbili, mama?"

"Nina thelathini na moja. Umeniita dada ulipoamka, sasa umeniita mama. Kila mtu ananifanyia hivyo. Leo nilipotoka nyumbani, dada yangu mkubwa kaniambia shikamoo."

Kicheko kilimtoka Shufaa usoni kama maji yanavyoondoka sinkini. Aliangalia weupe dirishani, akamwangalia somo wake, akaiangalia mikono yake.

"Ukinichoma, huenda nisiamke."

"Huenda. Usipochomwa, utakaa na sisi siku zilizobaki, na utashuka nazo mwilini. Uamuzi ni wako. Si wangu, wala wa Kapteni."

"Idrisa ataoa mtu mkubwa kwa siku kumi na nane kuliko aliyemchumbia," alisema Shufaa, na machozi yakamlenga. Kisha akakunjua mkono wa buibui na kuufunga kishikizo cha kiganjani. "Afadhali hivyo kuliko aoe maiti. Sichomwi."

 Kapteni Mhina akakirudisha kisanduku mahali pake na kuingia mbele. "Mimi sikuona kitu," alisema kabla ya kufunga mlango. "Nilikuwa naendesha."

*

Watu watatu wakala chakula cha wawili. Shufaa hakuwa mtu wa kukaa bure. Alijifunza kugeuza abiria, alilowanisha midomo, na kila alipopita kwenye kiti cha Bi Mwantumu aliufunga ule mdomo ulioachama, kama alivyoagizwa. Usiku ndani ya kifuko haukuwepo, wala mchana, walilala walipochoka. Shufaa alisimulia kwamba Idrisa, huko kwenye lifti zake, akikwama kati ya ghorofa humpigia simu kumwambia yuko hewani. Tunu alisimulia kidogo, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Lakini siku moja alisema kwamba alikuwa akifikiria kupata mtoto, na kila mara alijiambia bado mapema, yeye ni msichana tu.  Shufaa aliendelea kukunja mashuka, na akamkunjia na lake.

Na hina ikaanza kuondoka. Viganja vilitangulia, kutoka wekundu hadi rangi ya kutu, kutoka kutu hadi rangi ya chai nyepesi. Maua ya juu ya mikono yakafifia petali kwa petali. Kucha peke yake hazikupauka. Hina ya kucha haipauki. Inasubiri ukucha uote. Na zilikuwa zinaota. Chini ya ule wekundu, kwenye nyama, kilichomoza kipande cheupe mfano wa mwezi mwandamo, chembamba, halafu kinene kidogo, kwenye kila kidole.

Walipokaribia kufika, Kapteni Mhina alitoka na kumkuta Shufaa ameinamia mikono yake. Alikaa kiti cha jirani, akakohoa.

"Nimewaza," alisema. "Somo wako ana kikapu. Nilimwona akikipakia, kina pakiti za hina. Muda upo. Mkiichora upya sasa, utashuka mikono yako ikiwa kama ulipopanda. Hakuna atakayeuliza. Wewe utaolewa kwa raha, mwenzetu huyu atabaki na kazi yake, na mimi nitakwenda Lushoto kulima maua yangu. Kila mtu anapona."

Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa magumu.

Alipokwenda, Shufaa alileta pakiti na bakuli, akaviweka mbele ya Tunu.  Alikoroga hina kwa maji ya moto na sukari, akaviringisha karatasi ya plastiki kuwa koni, akaijaza, na kumkabidhi.

Tunu aliishika. Alijua alichokuwa nacho mbele yake. Mvi zake zisingethibitisha lolote. Shirika lingesema ni maradhi, au ukoo. Mdomo wake ulikuwa mdomo wa mtu mmoja aliyevunja kiapo. Lakini kucha zile! Hakuna awezaye kuotesha ukucha kwa dakika ishirini na sita. Abiria wenzake wote, na somo mwenyewe, waliziona zimekolea mpaka kwenye nyama. Akizipaka, alikuwa anafuta kwa mkono wake ushahidi pekee uliowahi kutoka kwenye kifuko.

Na mikono haikuwa yake. Ilikuwa ya bi harusi, siku ya harusi yake.

"Mbona huanzi?" aliuliza Shufaa.

"Naogopa nitakuomba kitu nisicho na haki nacho."

"Niombe."

Tunu aliishusha koni. "Usiipake. Shuka nayo hivyohivyo. Waulize kwa nini."

Shufaa aliigeuza mikono yake, juu na chini. "Unajua watu wa harusi," alisema. "Wataangalia mikono kabla ya uso. Mama mkwe wangu ameniona kwenye simu tu. Nimeisubiri siku hii, dada Tunu. Mimi sikutaka kuwa ushahidi wa mtu. Nilitaka kupendeza."

"Najua. Lete mkono, nikuchore."

Alisema hivyo na moyo wake ukaanguka, lakini alisema. Shufaa alinyoosha mkono wa kulia, na Tunu akainama. Alichora jani, akachora jingine. Mkono wake ulizoea kugeuza watu, si kuchora.

"Hayo ni majani au miguu ya kuku?" aliuliza Shufaa.

"Ni majani."

"Somo akiamka atakufa kabla hajaniuliza."

Wakacheka, na kicheko kikalegeza kitu. Tunu alimaliza kiganja, akapaka kucha tano, akaifunika ile miezi myeupe yote. Kisha akangoja mkono wa pili.

Shufaa hakuutoa. Aliupandisha mbele ya uso, akaukunja na kuukunjua.

"Huu mmoja unatosha kupendeza," alisema. "Wa kulia ni wa Idrisa. Wa kushoto, siku zake nimezilipia mimi mwenyewe. Siwapi wazifute."

*

Weupe ulipasuka, na chini yao pakawa na milima, taa na bahari ya alfajiri. Abiria walianza kupiga miayo. Bi Mwantumu alifumbua macho kwa tabasamu lilelile.

"Tayari? Hata ndoto sijaota." Akajinyoosha, akapapasa kikapu, akageuka kumkagua bi harusi wake. Tabasamu likakatika. "Shufaa! Nani kakuchorea huu uchafu? Na huo wa kushoto mmeukwangua na nini? Na hina yangu nani kaifungua? Toba! Nimesinzia kidogo tu wakaharibu kazi ya usiku mzima!"

Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Milango ilipofunguliwa, msimamizi wa shirika pale kituoni, Bwana Lukindo, kijana wa suti nadhifu, aliingia na tabasamu la ofisini. Aliona mikono. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, rangi ilimshuka.

Alimvuta Tunu pembeni. "Sema alishika dawa ya kusafishia vyoo," alinong'ona. "Shirika litampa fidia nzuri. Sema hivyo tu, na jioni unarudi kwenu na kazi yako."

Tunu alimtazama. Huyu kijana alizaliwa miaka mitatu kabla yake, kwa cheti. Alionekana mdogo wake.

Akarudi katikati ya njia, palepale aliposimama siku ile. 

"Mama," alimwambia Bi Mwantumu, lakini kwa sauti ambayo safu ya mwisho iliisikia. "Hina yako haikukwanguliwa. Imeisha yenyewe, kwa siku zake. Mmelala humu siku kumi na tisa. Huyu mtoto aliamka, akakaa macho na sisi."

"Huyu mhudumu ni mgonjwa," alisema Bwana Lukindo haraka. "Ndugu abiria, tafadhali—"

"Hina ya ngozi ningeweza kuifuta," alisema Tunu. "Angalieni kucha. Kushoto. Ziliingia humu zimekolea mpaka kwenye nyama, nyote mliziona. Nani kati yenu anaotesha ukucha kiasi hicho kwa dakika ishirini na sita?"

Shufaa aliunyanyua mkono juu kama mwanafunzi mwenye jibu. Ile miezi mitano myeupe ilionekana chini ya taa. Bi Mwantumu aliukamata, akausogeza puani, akausugua kwa kidole gumba, akausugua tena. Alipoinua uso, hakuwa tena mtu wa kelele.

"Siku kumi na tisa," alisema. "Nimelala uchi wa akili, mbele ya watu, siku kumi na tisa. Na hamkuniuliza?"

Mzee wa safu ya mbele alijipapasa kidevu. Mtu mmoja akaanza kuuliza kitu, halafu wa pili, halafu wote kwa pamoja.

"Kapteni!" aliita Bwana Lukindo, jasho likimtoka. Kapteni Mhina alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani. "Kapteni, waambie. Safari imechukua muda gani?"

Kapteni aliangalia saa yake ya mkononi. Alimwangalia Tunu. Labda alikuwa anayaangalia maua yake ya Lushoto.

"Ipi?" aliuliza. "Yako, au yetu?"

"Nyote wawili hamna kazi," alisema Bwana Lukindo.

"Kazi chukua," alisema Tunu. "Kama ungeweza kunirudishia na siku zangu, ningekubembeleza."

Walishuka wote pamoja, abiria wakimzunguka, wengine wakipiga simu tayari. Nyuma ya ukuta wa kioo wa ukumbi wa wageni alisimama kijana mrefu mwenye kanzu iliyomkaa vibaya mabegani. Shufaa alikimbia mpaka kwenye kioo, akaiweka mikono yote miwili juu yake, wa kulia wenye majani ya miguu ya kuku na wa kushoto uliochakaa. Idrisa aliiangalia kwa mshangao, akamwangalia yeye, akauliza kitu kisichosikika. Shufaa aliinama akicheka na kulia. Kisha yule kijana aliweka kiganja chake kwenye kioo, mkabala na ule wa kushoto.

"Toa mkono huko!" alifoka Bi Mwantumu, kwa mazoea tu, akijifuta macho. "Ndoa bado!"

Tunu alikaa kwenye benchi, akapiga simu Tanga. Iliita mara moja tu.

"Umeshafika?" alisema Mwanaisha. "Chai yako ipo hapa kwenye chupa, bado ya moto. Nilikuwa nakunja zile nguo."

Kwa Tunu, zile nguo zilikuwa za karibu wiki tatu nyuma. Harufu yake ilimrudia ghafla, jua na sabuni ya mche.

"Dada. Uliponiamkia mlangoni, hukukosea."

Akamweleza. Mwanaisha hakumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea maishani mwao. Alipomaliza, Tunu akasikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu, kama aliyenyanyua gunia.

"Basi sikiliza," alisema Mwanaisha, sauti inakwaruza. "Hao watu nitawafuata mpaka mlangoni kwao, mimi na mtaa mzima. Lakini kwanza rudisha marahaba yangu. Miaka wameila. Udogo wako kwangu hawauli. Niamkie."

Tunu alijifunika macho kwa kiganja, katikati ya ukumbi uliokuwa unaanza kupiga kelele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Mwanaisha. "Njoo unywe chai."